Kitana Alichokupa Mama Zawadi

Mdogo wangu Riziki,

Ujumbe wako umefika: utakuja kwenye harusi ya binti yangu Aline, ila na Mama Zawadi. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikashona mkono wa kulia wa blauzi ya mteja upande wa kushoto.

Nikwambie wazi: namwonea wivu yule mama.

Ulipokuwa unasikia sauti na kukataa kula, ni mimi niliyeonja ugali kwanza mbele yako, uone hauna sumu. Ni mimi niliyekufuata hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Buterere, nikakurudisha nyumbani Nyakabiga tope magotini, majirani wamejaa milangoni kututazama. Hospitali nilikupeleka mimi. Nywele tu ndizo zilizonishinda: hukutaka ziguswe wala zisukwe. Nilikubembeleza kwa Fanta, kwa visamaki vya ndagala vya kukaanga, nawe unashika kichwa kwa mikono miwili: "Apana, yaya. Apana." Nilikuwa dada yako mkubwa, yaya wako wa pekee, na bado ulikataa.

Halafu akaja Mama Zawadi, kutoka kile kikundi cha watu waliougua kama wewe na sasa wanasaidia wenzao. Soko zima lilimjua kama kichaa tangu enzi zake za kutembea peku akiongea peke yake. Jirani akaninong'oneza, "Musazi mumoja hakutoshi?" Nilimpa kiti, akakataa. Akakaa chini mlangoni, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakupa kitana chenye mkia wa chuma.

"Nisuke," akasema. "Huyu yaya wako anajua kushona tu."

Niliruka nikunyang'anye. Kila chenye ncha nilikuwa nimekificha, hata sindano zangu.

"Muache, mama," akaniambia Mama Zawadi. "Hata mi walinifichaga visu."

Ukamsuka. Vidole vilitetemeka kwa sababu ya dawa, mistari ikaenda kombo, naye anakusimulia jinsi dawa hizo hizo zilivyomfanya amwage chai mbele ya mama mkwe. Ukacheka. Kicheko hicho nilikingoja sana, Riziki, na akakipata mgeni.

Leo unaishi karibu naye, mnatembelea wagonjwa pamoja, unamwita yaya. Neno langu. Mara ya mwisho ulikuja umesukwa vizuri, nikajua ni mikono yake. Watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Lakini shukrani na wivu vinalala kitanda kimoja, na wivu ndio unaovuta blanketi.

Unajua kinachoniuma zaidi? Mimi nilikupa, nikakupa, wala sikuwahi kukuomba kitu. Yeye alikuomba siku ya kwanza.

Basi mlete. Shangazi wa bwana harusi ameshaniuliza kama "yule mgonjwa" atakaa nyuma. Nimemjibu kwamba mama mdogo wa bibi harusi anakaa mbele, na mgeni wake pembeni yake. Amenuna, na anune.

Ila wewe tangulia siku moja kabla, peke yako. Saluni sitakwenda. Nitaweka kigoda nje, pale pale mlangoni, mchana kweupe, majirani wote waone, na kitana chenye mkia nimeshanunua. Nisuke mimi, Riziki. Mistari ikienda kombo, nitaingia nayo kanisani hivyo hivyo.

Yaya wako, yule wa kwanza.