Mgomba wa Bienvenu

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Nimechoka. Baada ya misa tumezunguka nyumba za juu, kisha shuleni, kwenye madarasa wanamolala wakimbizi. Kazi ya mama relais ni ileile: kupima mikono ya watoto kwa utepe wa rangi, kuwasukuma wenye homa waende kituo cha afya, kusikiliza. Hatulipwi. Tulipewa fulana, na yangu imepasuka kwapani.

Watoto wawili wameangukia kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali. Mama wa mmoja akaniambia: Mama relais, kila mara unapima mukono, sufuria yetu utaipima lini? Wote wakacheka. Hata mimi! Kisha nikaona aibu. Tangu Agosti sikuwa nimecheka.

Nyumbani Chantal alikuwa amesonga bugali. Ni mke wa mwanangu Bienvenu, na tumbo lake sasa linamfanya akae mbali na meza. Tulikula. Ukoko wa sufuria hatukuugusa. Bienvenu ndiye aliyekuwa akiukwangua, tangu mdogo, na kelele zake zote. Siku hizi wanaupata kuku.

Jumanne, 7 Oktoba

Shemeji Isidore amekuja. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuwa ameshika kofia mkononi, nikajua ana neno.

Neno lenyewe ni mgomba.

Kilima cha Rubaya kilipoporomoka, Bienvenu alikuwa ndani ya shimo la madini na wenzake. Déo, rafiki yake, alitoka kwa sababu alikuwa amekwenda kunywa maji. Walichimba kwa majembe mpaka udongo ukaanza kushuka tena. Wakaacha. Mwanangu amebaki mle.

Kwetu, mwili usipopatikana, hukatwa mgomba. Shina linafungwa shuka kama mtu, linazikwa kwa jina lake. Kabla ya udongo, mama mzazi anamwita. Anamwambia arudi, alale kwao. Akishaitwa, kilio kimekwisha.

Isidore: "Mama Bienvenu, mutoto wetu iko anatembea. Hana pa kulala. Wewe njo mama, wewe njo utamuita."

Nikasema nitafikiri.

"Unafikiri toka Agosti," akasema. Lakini kwa upole. Alikunywa chai, akaenda.

Katekista hakatazi. Anasema tu rozari itangulie.

Si kwamba sitaki mgomba. Mgomba ni mgomba. Nisichoweza ni kumwita. Maisha yangu yote nikimwita mtoto huyu aliitika. Akiwa mtini, akiwa mtoni, hata akiwa amekosa na anajua atachapwa — aliitika. Nikimwita mbele ya shimo pakawa kimya?

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi nyumba sita. Mguu unauma. Mzee mmoja hataki dawa mpaka nimeze ya kwangu kwanza — nikameza maji tu, akaridhika.

Mchana Mama Mukasine alikuja na maharagwe kwenye kitambaa. Mwaka juzi naye kijana wake alibaki udongoni huko Rubaya. Mimi ndiye niliyekaa naye. Nilimchotea maji, nikampikia, nikalala kwake mpaka alipoanza kula.

Aliweka maharagwe chini, akanitazama. "Ile siku uliniambia nini, Mama Bienvenu?"

Nikafungua kitambaa.

"Uliniambia: mama, uzike mugomba, usingizi utarudia. Ulisema na sauti ya mukubwa, kama muntu wa ONG ya misaada! Mi nikaamini. Nikazika."

Nikamuuliza, usingizi ulirudi?

Akafikiri. "Ulirudia kidogo. Kila siku kidogo. Siyo wote."

Nikamshukuru kwa maharagwe. Akasema, acha kunishukuru, chambua, iko na mawe. Tukachambua pamoja mpaka jua likahama.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbaya.

Mama yake Chantal amepiga simu kutoka Mubi, kwao kule Walikale. Rezo ilikuwa mbaya, Chantal akatoka nje akapanda juu ya jiwe, kwa hiyo nilisikia upande mmoja tu. Ndiyo, mama. Bado, mama. Hapana, hajakubali. Ndiyo, hata kwa pikipiki.

Aliporudi hakunizungusha. Mama yake atatuma mtu wa pikipiki amchukue, akazalie kwao. Njia ile ya msituni! Matope, vizuizi, na watu wenye bunduki wanaouliza unatoka wapi. Na tumbo lile.

Nikasema: unataka kuniacha?

Akakaa chini polepole, mkono mgongoni. "Mama, sitaki kukuacha. Lakini huyu mwenye iko kwa tumbo, nitamwambia baba yake iko wapi? Kwa njia? Kwa matope? Mi sitazaa mutoto kwa nyumba yenye kilio haijaisha. Munizikie bwana yangu. Mukimuzika nabaki. Mukikataa naenda."

Hakulia. Ningependa alie, ningejua la kufanya. Watu wanaolia ninawajua.

Alipokuja hapa mara ya kwanza kutoka Walikale aliona baridi mpaka meno yakagongana. Bienvenu akamfunika makoti mawili na blanketi juu. Akakaa vile kama gunia la viazi, macho tu nje. Isidore akauliza, sasa bibi-harusi iko ndani kweli, ao mumeleta nguo? Nimekumbuka hayo leo nikiwa najaza debe kisimani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemwambia Isidore: sawa. Jumamosi.

Sikumwambia kuhusu kuita. Nimesema sawa tu. Ameshika mikono yangu yote miwili.

Chantal amempigia mama yake. Pikipiki haiji.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo kuchagua mgomba. Sikufikiri kama watu wanaweza kugombana hivi!

Isidore anasema mtu aliyekufa bila mtoto hukatiwa mgomba mchanga, ambao haujazaa. Mukasine akashika kiuno: "Bila mutoto? Na hii tumbo ya Chantal ni ya nini? Amekula viazi?" Isidore akasema mtoto ambaye hajazaliwa hahesabiwi. Mukasine akasema basi wenye mkungu. Isidore: wenye mkungu ni wa baba wa watoto, watu wa ukoo watatucheka. Wakazunguka shambani wakipiga kelele, kuku nyuma yao. Déo alikuwa na panga mkononi, akiwangoja. Mwishowe akaniuliza mimi.

Nikaenda nikaonyesha mmoja ulio karibu na choo. Umetoa ua, lile jekundu lililojifunga, lakini ndizi bado.

Isidore akasema, ndiyo. Hiyo njo yeye.

Hautakatwa mpaka Jumamosi asubuhi, usinyauke. Lakini jioni nimepita pale kwenda chooni, nikaona haya, nikageuza njia. Upumbavu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wakimbizi wapya. Hakuna nafasi shuleni, tumewaweka katika chumba cha kuhifadhia viti kanisani. Watu wengi. Nimepima mpaka utepe umelainika kwa jasho. Chantal alikuja na sufuria ya uji, kwa miguu yake iliyovimba. Nikamkaripia. Akasema, Mama, na wewe ulinichunga lini ukiwa umepumzika?

Déo amechimba kaburi, kando ya mume wangu. Sikwenda kuona.

Kesho. Nimejaribu kumwita peke yangu, jikoni, kwa sauti ndogo. Herufi ya kwanza tu. Sikuweza.

Jumamosi, 18 Oktoba. Kituo cha afya

Naandika kwenye benchi. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi walikata mgomba. Isidore alipima shina kwa urefu wake mwenyewe, akakata, wakaleta. Nikatazama. Nikasema: ni mfupi.

Isidore akasema, mfupi namna gani?

Nikasema Bienvenu alikupita wewe kichwa kizima, Isidore. Alikuwa akiinama kwenye mlango wangu. Huyu hataniinamia.

Mukasine akaangua kicheko, akaziba mdomo, na Déo naye, na Isidore mwenyewe akavua kofia akacheka mpaka akafuta macho. "Ni kweli! Ni kweli! Ningezika muntu mwingine." Hapakuwa na la kufanya ila kurudi kwenye kisiki, wakakata kipande kilichobaki, wakakiunga kwa kamba za mgomba, wakazungushia shuka. Ukiangalia haraka, huoni kiungo.

Tulitaka aingie kwa njia ambayo angerudi nayo akiwa hai, kwa hiyo walimchukua mpaka barabarani, upande watu wanakotokea Rubaya, wakamlaza kwenye kipoyi. Kipoyi ni kitanda chetu cha miti na kamba, cha kubebea wagonjwa na maiti. Shirika letu la kanisa lina kimoja tu. Watu wa jumuiya wakajipanga. Rozari ikaanza. Walipomwinua begani, nilisikia uzito kana kwamba ni mimi niliyebeba.

Hatukufika hata nusu ya njia. Chantal, nyuma yangu, akasema "Mama" — kawaida tu, kama mtu anayeomba chumvi. Nikageuka. Maji yalikuwa yamemwagika mpaka kwenye kandambili zake.

Mapema! Wiki tatu mapema.

Kituo cha afya kiko ng'ambo ya bonde. Kutembea hawezi. Pikipiki hakuna. Wanaume wote wamesimama na kipoyi begani, na kila mtu anaona kilicho begani, na kila mtu anamwona Chantal akiwa ameshika mti.

Isidore akasema haiwezekani kumshusha. Aliyeinuliwa hashuki ila kaburini. Kumweka chini njiani ni kumfukuza. "Tukimbie tuzike kwanza, halafu tumubebe mama."

Mukasine akamwambia, Papa Isidore, wewe umeshazaa na maji ikiwa imetoka?

Wakaanza kupiga kelele. Déo alinitazama tu.

Nikasema: mteremsheni.

Isidore: "Mama Bienvenu —"

Nikasema, ni wangu mimi. Teremsheni. Walipositasita nikaenda mwenyewe, nikamshika upande wa kichwa. Déo akashika miguu. Alikuwa mzito, amejaa maji, na utomvu ulikuwa umepenya shuka. Blauzi yangu ina doa ambalo halitatoka. Tukamlaza pembeni mwa njia, juu ya majani aliyoyatandika Mukasine. Nikamwambia kimoyomoyo: ngoja, ni mkeo.

Kisha tukamlaza Chantal kwenye kipoyi, tukakimbia. Wanaume wanabadilishana bila kusimama, mimi kando, nimeshika kidole cha Chantal kimoja tu kwa sababu ndicho alichonipa. Mtoni waliingia maji mpaka kiunoni. Hakuna aliyeteleza.

Munganga Byamungu, muuguzi wa kituo, amempokea. Anasema mtoto amelala vizuri lakini mama amechoka, na uchungu unakuja ukipotea. Akichelewa zaidi itabidi hospitali ya Kitchanga, na huko njia leo haijulikani. Ameniambia ningoje nje mpaka aniite. Mimi, niliyeingiza wanawake wangapi kwenye mlango ule! Leo nakaa benchini.

Mchana

Isidore amepiga simu. Amebaki na mgomba, hajauacha. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Anasema wamembeba mikononi, yeye na wazee, mpaka kaburini. Mvua iko juu ya kilima, nyeusi. Ikinyesha shimo litajaa. Na shimo lililochimbwa halilali wazi, hilo hata mimi najua — litatafuta mtu wa kuliingia. Chantal yuko wapi leo? Mtoto yuko wapi? Hakusema. Wala mimi sikusema.

"Tuko tayari kumuzika," akasema. "Lakini hatuna mama wa kumuita."

Nikamuuliza, Mukasine hawezi?

"Mukasine hakumuzaa."

Nikasema siwezi kutoka hapa.

Akafikiri. Kisha: "Basi umuite na simu. Nitaiweka kwa shimo, sauti juu. Babu zetu hawakuwa na telefoni, hawajakataza."

Ndivyo alivyosema, na sidhani alitania. Wanateremsha mgomba sasa. Ukishatulia chini, atapiga tena, na nitaita.

Wanawake wawili wako hapa kwenye benchi na watoto wenye homa. Mmoja amenipa upande wa kitenge chake nifute mikono. Amesikia yote. Amesema, ita, mama, sisi hatutasikia.

Ndani Chantal alikuwa akilia. Sasa kimya. Sipendi kimya hiki.

Jina lake lote. Isidore anasema lazima lote, asije mwingine. Nimeliandika hapa chini ya kidole ili nisikwame: Bienvenu Habumugisha. Ni majina mawili tu. Nitaanza na

Simu.

Na mlango — Byamungu amefungua, mikono ina damu, ananiita kwa mkono. Siwezi kusoma uso wake. Simu inalia. Nakwenda mlangoni. Naipokea nikiwa natembea.