Mtu-ndege wa Jeneroza

Swabaha, nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Kile kitabu kipya cha mchezo wetu wa hadithi na dadu, ulichotutumia, chenye jamii mpya za viumbe vya kuchagua uwe nani. Jeneroza, yule Mrundi aliyekimbilia kwa shangazi yake hapa Murukulazo, leo kaja kucheza mara ya kwanza. Akachagua mtu-ndege.

Mimi si ndiye balozi wa nyumba kumi kwenye hadithi? Nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mgeni mchezoni: "Mwenyeji wako hapa nani?"

Akainamia karatasi yake ya mhusika.

Na mimi mjinga nikaongeza: "Ndege hawamo kwenye ramani yetu. Majitu yanatutosha. Hao warudi walikotoka."

Wenzetu wakacheka. Swabaha, nilisema WARUDI WALIKOTOKA. Kwa mdomo wangu huu.

Hakulia. Akaniuliza polepole tu, "Hata kwenye mchezo, Frednand?" Akavaa kandambili zake, akaondoka.

Karatasi yake ninayo hapa. Kumbe alikuwa ameshaijaza yote kabla sijamuuliza. Jina, umri, rangi ya mabawa.

Kwenye mstari wa mwenyeji ameandika jina langu.