Kidonge cha Baba Ngoie

Mutoshi, Kolwezi

Kwako Yaya wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa na hasira, basi usishangae mwandiko ukiwa mbaya. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na wewe dada yangu, kikohozi kimekuacha? Kama hapo Kongolo nyote mnaamka na kula, nashukuru. Watoto wangu wazima. Aliyeugua ni shemeji yako, na mimi naugua wivu, ikiwa huo nao ni ugonjwa.

Ilianza kwenye chakula. Baba Ngoie, mtu wa kulamba sahani, akaanza kuisukuma. "Mama Ngoie, unatiaka chumvi mingi." Miaka kumi na saba nampikia, na chumvi ni ileile! Nikajua mahali fulani kuna sufuria nyingine. Nikapekua nguo zake za kazi nikitafuta hata leso ya mwanamke. Nikapata karatasi ya daktari yenye jina lake: vidonge vya tansio, vya kushusha presha ya damu, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Yaya, heri ningepata leso. Nikambana jirani yetu wa kanisani mpaka akasema yote. Kuna mwanamke anaitwa Feza, anauza sokoni samaki wa ziwa la Nzilo. Kaka yake ni muuguzi, ndiye aliyempeleka mume wangu kwa daktari wa nje, kwa sababu hospitali ya kampuni ya mgodi ingewaambia wakubwa, nao wangemshusha kwenye ile mashine yake kubwa anayojivunia. Vidonge vinakaa kwa Feza. Baba Ngoie anapita kumeza akienda kazini, na akirudi pia. Mume wangu mgonjwa, na anayejua ni mwingine!

Ningemuuliza, lakini sikumuuliza. Nilitaka apone kwa mkono wangu, yule abaki na samaki wake. Nikaenda farmasi na ile karatasi, nikapewa vidonge vilevile. Nikawa navisaga, asubuhi kwenye chai, jioni kwenye mchuzi, na chumvi nikaacha kabisa. Nikamsongea bukari, akala akamaliza! Nilifurahi kama bibi harusi. Haikunijia hata kidogo kwamba na kule alikuwa bado anameza vyake.

Siku ya nne akashuka kwenye mashine, miguu ikamkataa, akaanguka. Nafika hospitali, nani ameketi kando ya kitanda? Feza, na kikapu chake kinanuka samaki. Wala si mrembo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Daktari akauliza, "Citoyennes, nani anamupatiaka dawa?"

"Ni miye," nikasema.

"Ni miye," akasema Feza.

Akatutazama mmoja mmoja. "Bote babili? Munataka kumuua?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nililia mbele ya yule mwanamke, nikasema nilivyofanya. Daktari akaamuru mkono uwe mmoja, akanikabidhi mimi pakiti, maana kwenye kadi ya familia jina ni langu. Nikamgeukia Feza ajue nimeshinda. Badala ya kunitukana, akanifuata mlangoni akasema polepole, "Mama, kizima kinamukabaka pa koo. Ukate mu nusu, kiisha umupe na mayi ya moto kidogo." Akachukua kikapu chake akaenda.

Miaka kumi na saba, Yaya, na koo la mume wangu silijui.

Sasa wakubwa wamejua. Wamemweka stoo, kazi ya kukaa, naye ananuna. Dawa anameza hapa nyumbani tu. Kama bado anapita sokoni, sijui. Kila akichelewa natoka nje mara tatu nne kutazama barabara, halafu namkasirikia akifika.

Nisalimie mama, ila usimwambie alivyoanguka mkwe wake, ataniona mjinga. Msalimie baba mdogo katekista, atuombee bila kuwatangazia waumini. Na shangazi mfinyanzi mwambie chungu chake bado ninakipikia. Wewe mwenyewe uniandikie haraka, unigombeze kama unavyojua, nitavumilia.

Jana asubuhi nilikata kidonge nusu kwa nusu, nikampa na maji ya moto kidogo. Kikapita vizuri. Akaniuliza, "Nani alikufundisha vile?"

Nikasema, "Ni daktari."

Akanitazama, akarudisha kikombe mezani, akasema, "Aksanti." Na mimi najua, Yaya, aksanti ile haikuwa yangu.

Mdogo wako anayekukumbuka sana,
Mama Ngoie