Sauti Isiyokwaruza

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na dawa ya presha unakunywa, au unaiweka kabatini ikuangalie tu? Mimi mzima.

Umeandika kwamba kile kifaa cha sikio kinakwaruza, na kwenye simu nasikika kama mtu anayekaanga. Pole, Mama. Ndiyo kazi niliyopewa huku maabara. Ndani ya kifaa hicho kuna spika ndogo, yenye utando mwembamba kuliko unywele, na bamba kando yake. Umeme ukipita, bamba linauvuta utando, nao ukitikisika ndiyo sauti. Tatizo ni kwamba umeme huu unajua kuvuta tu, kusukuma haujui. Utando unaegemea upande mmoja, sauti inaharibika. Nataka kuweka bamba la pili upande wa pili, mabamba yote mawili yauvute kwa zamu. Kifaa kipya kikikamilika, cha kwanza ni chako.

Mwanao, kitinda mimba


20 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Mguu unaniringia, lakini natembea. Dawa nakunywa, na uache umbea.

Mabamba nimeyaelewa. Ni wewe na dada yako mkigombea shuka moja. Ila mwanangu, mimi niliuliza unakuja lini, nawe umenijibu habari za mabamba. Nimekukumbuka mpaka naona haya kusema mbele za watu.

Mama yako


14 Juni

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Mambo yaliharibika. Nilikuwa nafikiria sikio lako, nikataka sauti kubwa zaidi, nikayasogeza mabamba karibu mno. Utando ukavutwa, ukanasa, haukubanduka tena. Vifaa vyote tulivyotengeneza vimekufa. Mkubwa wangu wa kazi hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Naanza upya, kwa hiyo likizo nimeiahirisha. Usiwe na wasiwasi, niko vizuri.

Mwanao


2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Kimekubali! Nimekutumia, kiko ndani ya pamba, usije ukakitupa pamoja nayo. Kivae Jumapili, nitapiga.

Mwanao anayeruka ruka peke yake


12 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Hakikwaruzi hata chembe. Dada yako nilimsikia akininung'unikia kutoka jikoni, nikamwambia, akakoma.

Nawe nilikusikia. Ulisema uko vizuri, lakini kwanza ulimeza mate. Nilisikia na chumba chako kilivyo kimya, hakuna hata mtu anayekohoa. Siku zote sauti yako ilikuwa ikitetemeka kwenye simu, nami nilidhani ni ubovu wa kifaa. Kumbe ni wewe, mwanangu, unajizuia kulia. Tangu lini?

Usinitengenezee kitu kingine. Zamani nikikata simu nilikuwa nakikasirikia kifaa, nakirusha mezani, yanaisha. Sasa kifaa hakina kosa. Nikikata simu nabaki nimekaa kitandani na hamu yako, sina wa kumlaumu.

Njoo, mwanangu.

Mama yako