Mtu wa Kwanza Kuchomwa

Kiseke, Mwanza
8 Februari 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Busisi, na mama anaendeleaje? Mimi huku mzima, watoto wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Karanga ulizompa Chenge kwenye gari lake la nyanya zimefika, na zimekwisha siku hiyohiyo. Najua simu huisikii vizuri, na mimi barua zako nimezizoea, kwa hiyo tuendelee hivihivi.

Umeniuliza kliniki inaendaje. Watu wa Mwanza wameanza kumzoea daktari anayemuuliza mgonjwa anakula nini na analala vipi kabla ya kumwandikia dawa. Ila kuna jambo linaninyima raha. Unamkumbuka Antoni, daktari mwenzangu niliyefungua naye kliniki, yule aliyemaliza ugali wa mama? Ametoka mafunzoni Afrika Kusini, anataka tuanze kutoa tiba ya peptidi. Hivyo ni vipande vidogo vya protini, mtu anachomwa sindano, navyo vinauambia mwili ufanye kazi fulani. Nyingine ni za siku nyingi, hata insulini ya wagonjwa wa sukari ni ndugu yao. Lakini hizi zinazotafutwa sasa, za kuponya magoti na mabega, zimejaribiwa zaidi kwa panya kuliko kwa binadamu. Mgonjwa wangu mmoja, Mama Agutu anayeuza dagaa, bega lake halinyanyuki, na kila akija ananiuliza tunaanza lini. Ameona kwenye simu watu wamepona.

Baba, naogopa kumchoma mtu kitu nisichojua kitamfikisha wapi. Tena naogopa kumnyima kitu ambacho labda kingemsaidia. Wewe ungefanyaje?

Mwanao,
Sabina


Busisi
19 Februari 2026

Mwanangu Sabina,

Marahaba. Wangaluka. Sisi tupo, Mungu anatusaidia. Mama yako analalamika mgongo na bado anabeba ndoo. Ukimwambia apumzike anakujibu kwamba yeye si mgeni hapa. Goti langu ni lilelile. Asubuhi naamka kama ng'ombe, nyuma kwanza halafu mbele.

Barua yako imenifurahisha. Umesoma miaka yote hiyo, sikujua kama ipo siku utakwama uje kuniuliza mimi. Nitakujibu kama mcheza nyoka, maana ndicho nilichokuwa. Kwetu sisi Bayeye, kabla hujamshika nyoka unachanjwa dawa. Dawa ikiwa mpya, mwenye dawa haanzi na mtoto wa watu. Anaanza na mwili wake mwenyewe, au na mtu wa damu yake. Huyo anatazamwa kwanza, na akiwa salama ndipo wengine wanachanjwa, kidogo kidogo. Babu yako alinichanja mimi kabla ya watu wote. Nikashikwa na homa, naye hakuondoka kwenye mkeka wangu mpaka ikaniachia. Akasema homa ndiyo alama kwamba dawa imepokelewa.

Sasa nakuuliza, hiyo dawa ya Antoni, nani wa damu yenu amechomwa? Kama hakuna, goti langu lipo na halina kazi nyingine. Tangu nilipotibiwa ule ugonjwa mwingine sijacheza ngoma hata moja. Mavuno yakifika nasikia wenzangu wanacheza, mimi nakaa ndani kama mwali.

Baba yako,
Masele


Kiseke
27 Februari 2026

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mwambie mama nimempa Chenge dawa ya kuchua mgongo, na ndoo ampe mtu mwingine.

Kuhusu goti, hapana. Samahani kwa kuitaja saratani ya tezi dume kwenye barua, lakini lazima niitaje. Madaktari walisema imelala. Hizi peptidi za magoti zinadhaniwa kuotesha mishipa mipya ya damu. Hilo linaweza kusaidia kidonda kupona, na hilohilo linaweza kuulisha ugonjwa uliolala. Hakuna anayejua kwa hakika. Mtu aliyewahi kuugua saratani ndiye wa kwanza kukataliwa, baba, hata angekuwa mfalme.

Ila maneno yako hayanitoki. Tumebishana na Antoni mpaka wauguzi wakatufungia mlango. Tumekubaliana kwamba tukianza, tutaanza na mtu mmoja mwenye afya njema, aliyepimwa damu, aliyeelezwa mazuri na mabaya yote akakubali mwenyewe. Na hatuanzi bila kibali. Chupa chache alizorudi nazo Antoni nimezifungia kwenye friji, ufunguo ninao mimi. Huyo mtu mmoja bado hatujampata. Kuna siku naona ulichosema ndicho sahihi, mwenye dawa aanze na mwili wake.

Mwanao,
Sabina


Busisi
12 Aprili 2026

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Nimekaa kimya, najua. Watoto hawajambo? Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Nilikwenda Buhongwa, nikamwambia mama yako naenda kumwona Ngosha anayeumwa. Kuna kijana pale anawauzia hizo peptidi watu wanaonyanyua vyuma. Aliniuliza kama nina ugonjwa wowote, nikamwambia mimi ni mzima kama mlingoti. Akanichoma kwenye goti, akanipa chupa nikaendelee mwenyewe nyumbani. Mwanangu, siku za mwanzo lilikuwa jepesi. Nilishuka mpaka ziwani na kurudi bila kupumzika njiani.

Kwa hiyo yupo aliyewatangulia wagonjwa wako, tena wa damu yako. Mama Agutu unaweza kumwambia hivyo.

Sasa hivi goti limevimba, ukiligusa ni la moto, na homa imenishika tangu juzi. Mama yako anataka nipelekwe hospitali. Nimemwambia aache, ndiyo dawa inapokelewa, kama ilivyokuwa kwa babu yako. Nimeona nikujulishe tu, usiache kazi zako.

Baba yako,
Masele


Kiseke
13 Aprili 2026

Baba,

Hiyo si dawa kupokelewa. Huo ni usaha ndani ya goti, na unaweza kukuua. Simu ya mama haipatikani. Nimemwomba Chenge asipakie kitu, anavuka daraja na karatasi hii sasa hivi. Panda gari lake akupeleke hospitali, mimi nampata Antoni ashike kliniki kisha nakukuta huko. Usijichome tena. Chupa uje nayo.

Baba, tafadhali, usibishane na Chenge.

Sabina


Kiseke
2 Juni 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje tangu utoke wodini? Unakunywa vidonge vyote au unampa mama akufichie? Watoto wanakusalimu sana, mdogo anauliza kama goti lako lina tundu.

Naandika yale niliyoshindwa kuyasema pale kitandani, maana kila nikifungua mdomo nilikuwa nalia. Usaha wameutoa wote. Ile chupa ya kijana hakuna aliyeweza kutuambia kwa hakika ilikuwa na nini ndani. Kipimo cha tezi ni kizuri, ila tutakirudia kila baada ya miezi mitatu, na kila mara nitakuwa naogopa.

Nimekasirika nawe, baba. Ulinipa mwili wako bila kuniuliza. Na kuna neno gumu zaidi, nimefikiria kulificha nikaona si haki. Haikutufundisha kitu. Mtu mmoja akipona hatujui kama ni dawa au ni siku zake tu zilikuwa nzuri. Akiumia hatujui kama ni dawa au ni uchafu wa chupa. Ungekufa, nami nisingejua chochote zaidi ya kwamba sina baba.

Mama Agutu nimemweleza kwamba hatuanzi. Alinuna, lakini amekubali mazoezi ya bega, na juzi alijifunga kilemba mwenyewe mbele yangu. Antoni, tangu alipokuona wodini unatetemeka, naye hataki tena haraka. Tutasubiri kibali na utafiti wa watu, hata ikichukua miaka.

Nilikukataza kwa mkono wangu, ukasoma, ukaenda. Kwa nini?

Mwanao,
Sabina


Busisi
14 Juni 2026

Mwanangu Sabina,

Marahaba. Namshukuru Mungu, nakula, nalala. Goti halikunjiki vizuri na natembelea fimbo. Vidonge nakunywa, mama yako ananisimamia kama askari. Mwambie mdogo tundu limeziba.

Hasira yako nimeipokea, ni haki yako. Umeniuliza kwa nini. Si kwa ajili ya goti, mwanangu, wala si kwa ajili ya Mama Agutu ambaye simjui.

Uliandika kwamba kuna siku unaona mwenye dawa aanze na mwili wake. Nilipofika hapo nikashindwa kula. Mimi ndiye niliyekutia neno hilo, na nakujua. Ulikuwa mdogo nikakukataza kumgusa chatu, ukaenda ukamgusa, ndipo ukaja kuuliza kwa nini nilikukataza. Ningekuandikia usijichome, ungejichoma. Nikaona akishachomwa mtu wa damu yako, sharti limetimia, wewe huna haja tena. Mimi wajukuu nimewaona. Wewe una watoto wadogo.

Kama kwa wagonjwa haikufaa kitu, sawa, mimi si daktari. Nilikuwa namzuia mtu mmoja tu. Niambie ukweli, mimi ni baba yako, ulitaka kujichoma?

Baba yako,
Masele


Kiseke
18 Juni 2026

Baba yangu,

Shikamoo.

Ndiyo. Chupa nilikuwa nimeshajitengea, bila Antoni kujua. Barua yako ya homa ilinikuta nikijiandaa kujichoma kesho yake asubuhi.

Nimeimwaga. Sitajichoma, baba. Jumamosi nakuja na watoto.

Mwanao,
Sabina