Fomu Niliyoijaza kwa Adabu

Mpendwa Bi. Lau, mshauri wa wasomaji,

Naomba msaada wako, na naomba radhi kwa kukuchukulia nafasi gazetini, kwani mimi ni mzee wa miaka sabini na minane, niliyelelewa na walimu wa misheni hapa mjini Tainan, waliotufundisha kwamba muungwana hamwagi huzuni yake mbele za watu, na kwa hiyo mke wangu Bi-giok alipofariki, miaka minne sasa, sikulia, ingawa jirani yangu Mzee Tan alipofiwa na mkewe alikodi watu wa kulia msibani akagaagaa mbele ya jeneza, nami, nakiri, nilimdharau, na leo yeye hucheza sataranji kila jioni akicheka kwa sauti, ilhali mimi hulala kitini kwa kuwa kitanda tulicholalia wawili kimenishinda, na kanisani hutoka nje kwaya inapoanza, kwa sababu marehemu aliimba humo.

Binti yangu Siok-hun, aliyeacha kazi mjini Taichung ili anitunze, alinipeleka kliniki wiki iliyopita. Njiani alinionya: "Baba, leo useme ukweli, sio zile 'sijambo, sijambo' zako!" Nikapewa karatasi ya maswali kumi na matatu kuhusu msiba: je, unaona maisha hayana maana bila marehemu? Je, unakwepa watu? Muuguzi alikuwa msichana mchangamfu, amenimiminia chai, nikaona si uungwana kumharibia asubuhi yake. Nikatia alama kwenye "hata kidogo" kote.

Muuguzi alipoisoma, akapiga makofi. "Dada, huyu baba yako atatuzika sote!"

Siok-hun alifurahi mno, na Jumapili hii anarudi Taichung. Swali langu, uniwie radhi, ni hili: je, itakuwa utovu wa adabu kumsumbua muuguzi kwa karatasi nyingine?

Wako mtiifu,
Kho Bun-hiong

Mzee Kho,

Barua yako imenichekesha, kisha ikanikasirisha. Unazama, halafu unauliza kama ni adabu kupiga kelele! Karatasi ya daktari si kadi ya mwaka mpya, baba. Umenunua tabasamu la msichana usiyemjua kwa kujinyima tiba, kisha unaiita hiyo malezi mema. Mzee Tan unayemdharau alilia hadharani, akanyamaza, akarudi kwa watu. Wewe hukulia, na hadi leo hujarudi. Sasa nani wa kumcheka mwenzake?

Pole, hilo nalisema kwa moyo wote. Kumkumbuka mkeo miaka minne, hata arobaini, si ugonjwa. Lakini kushindwa kulala kitandani muda wote huo, kukimbia kwaya, na kuona maisha hayana maana (usinifiche, swali hilo nalo ulilijibu uongo) ni hali inayojulikana na inayotibika, kwa kuzungumza na mtaalamu wiki baada ya wiki. Tatizo ni kwamba daktari hawezi kumtibu mtu aliyeandika kwamba haumwi.

Kwa hiyo, kesho asubuhi, kabla Siok-hun hajafunga mizigo, mwombe akae mezani. Akusomee maswali yote kumi na matatu kwa sauti. Ujibu kwa mdomo, na kalamu aishike yeye. Aanze na lile la maisha kukosa maana. Kisha mwende wote wawili kliniki na karatasi hiyo, na muuguzi akinuna, anune. Kupokea ukweli ndiyo kazi yake.

Siok-hun akikuuliza kwa nini ulimficha, mwambie uliona haya. Halafu nyamaza, umwache alie, na ukisikia machozi yako nayo yanakuja, usiinuke kwenda kutafuta leso.