Kanuni ya Aproni Moja

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie, na ukishanisaidia unigombeze, kwa maana hakuna aliyenigombeza mpaka leo na nadhani ndiyo sababu chakula hakinipiti. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nina ofisi, nina kiti cha kuzunguka, na mlangoni kwangu kuna kibao kimeandikwa Mratibu. Ninachoratibu ni mtandao wa mashirika yanayohudumia watoto wadogo, wale ambao bado hawajaanza shule. Kuna shirika la lishe, kuna linalopima macho na masikio, kuna linalofundisha wazazi malezi, na kuna letu lenye vituo vya michezo, ambalo ndilo lililonipendekeza niwe mratibu wa wote.

Inabidi nikueleze habari ya aproni, maana bila hiyo hutanielewa. Kila shirika huwavalisha watoto wake aproni ya rangi yake, sisi kijani, wa lishe manjano, wa macho na masikio nyekundu, na kabla sijashika kazi hii kulikuwa na vurugu ambayo hata kuisimulia ni aibu, mama mmoja alipimiwa mtoto uzito na watu watatu katika wiki moja, huyu akamwambia mtoto kapungua, yule akamwambia kaongezeka, wa tatu akamwambia arudi na mume wake, mpaka mama wa watu akasimama mbele yetu akauliza, "Sasa nimsikilize nani, au nimkate vipande kila mtu achukue chake?" Na wakija wageni wa wafadhili ndiyo usiseme, watoto waliazimwa kama viti vya shughuli, na mimi kwa macho yangu nilimwona mtoto akivuliwa aproni ya manjano, chini yake ikatokea nyekundu, chini ya nyekundu ikatokea yetu, na mgeni anapiga picha huku anatabasamu.

Basi mimi ndiye niliyeleta kanuni ya mtoto mmoja, aproni moja. Shirika lililomwandikisha mtoto kwanza ndilo lenye mtoto, na shirika jingine halimgusi mpaka mratibu aseme ndiyo. Nilipigiwa makofi, mshauri, watu walisimama, na vurugu ikaisha kweli, na nisikufiche, nilionja utamu wa watu wazima wenye vyeo vyao kunipigia simu kuniomba mtoto kwa sauti ya chini, nami nikawa natoa ruhusa na kunyima, nikagundua kwamba kunyima kunaniletea heshima zaidi kuliko kutoa.

Siku moja nilikuwa napanga vikombe vya chai ya wageni, simu ikalia, ni yule binti mpimaji wa masikio, mtaani wanamwita Dada wa Masikio, akasema, "Mratibu, samahani kukusumbua, nina mama hapa mlangoni na mtoto wa aproni ya kijani. Anasema haitiki akiitwa. Niruhusu tu nimpime, nikimaliza namrudisha kwenu, wala simwandikishi." Nami nikamjibu, "Dada, tukianza hivi kesho tutarudi kule kule kwa kunyang'anyana watoto. Mrudishe kituoni kwake, mlezi wake ataniletea taarifa." Akasema, "Haya, mratibu." Nikarudi kwenye vikombe vyangu. Sikuuliza ni mtoto gani, na taarifa ya mlezi haikuja wala sikuiulizia.

Sasa sikiliza. Kaka yangu ana binti, kitinda mimba wao, ambaye mimi mwenyewe shangazi yake ndiye niliyempa jina la utani la Malkia, kwa sababu ukimwita hageuki, unamwita tena hageuki, mpaka umfuate alipo umguse bega ndipo akupe tabasamu, nami nikawa nasema huyu mtoto ana maringo ya kifalme, haitikii ovyo, na nyumba nzima inacheka. Jumapili moja nimekwenda kwao, nimempakata, anachezea kamba ya saa yangu, wifi yangu anaosha vyombo pembeni, mfuniko wa sufuria ukamponyoka ukaanguka kwenye sakafu nyuma yetu, mlio wake uliwarusha watu wote, kaka akamwaga chai, mimi moyo ukanipasuka, na Malkia yuko mapajani kwangu anaendelea na kamba ya saa. Kaka akacheka, "Malkia hashtushwi na vitu vidogo!" Mimi sikucheka. Na wifi akasema, huku anaokota mfuniko, "Acheni mzaha, huyu mtoto nilimpeleka kwa yule Dada wa Masikio, akanirudisha mlangoni. Kaangalia rangi ya aproni tu, akaenda kupiga simu, akarudi akasema haiwezekani. Roho ngumu kama nini! Yaani nilirudi nyumbani nalia njia nzima, nikajiambia labda kweli mtoto ni mpole tu, ninamtafutia maradhi." Halafu akanigeukia, mshauri, akanishika mkono kwa mkono wake wa sabuni, akasema, "Laiti ungekuwa wewe pale, wifi yangu. Wewe usingenirudisha."

Nikasema, "Pole, wifi." Hilo ndilo neno pekee lililonitoka.

Tangu hapo mambo yamezidi. Kaka amekwenda kumshitaki yule binti kwa mkubwa wake kwamba alimfukuza mtoto mgonjwa, wifi naye hamwachi midomoni, kila anapokwenda anampaka matope, hata kina mama wengine wameanza kumpita yule binti bila salamu. Mkubwa wake ameleta suala kwenye mtandao wetu wa mashirika, kikao ni Ijumaa, na mwenyekiti wa kikao ni mimi. Nilikutana na yule binti kwenye ngazi za ofisi, nikadhani atanirukia, akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo, mratibu," kisha akasema, "Sijamwambia mtu ni nani aliyeshika simu ile. Nakusubiri useme mwenyewe." Akapita na sanduku lake la vifaa.

Sijui nifanye nini. Nikimwambia wifi nitampoteza, na sisi tumependana kuliko ndugu wa tumbo moja, kaka naye sijui kama atanitazama tena usoni, na kazini nitakuwa kichekesho, mtunga kanuni aliyeanguka kwenye kanuni yake. Nimefikiria kuongoza kikao kwa upole, nimtetee yule binti kwa jumla jumla, niseme ni makosa ya mawasiliano, bila kujitaja. Nimefikiria pia kusingizia ugonjwa mtu mwingine aongoze. Malkia mwenyewe hajapimwa bado, nangoja kikao kipite kwanza, maana nikitoa ruhusa sasa wataanza kuuliza mbona kwa mtoto wa kaka yake imewezekana. Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo. Niambie, nitaushika vipi uso wangu mbele ya watu hawa?

Ni mimi, Shangazi Asiye na Uso

*

Shangazi,

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikakuonea huruma. Nimeisoma mara ya pili nikaitupa mezani. Umeandika juu ya wifi, kaka, kikao, kiti chako na kioo chako, kisha pale karibu na mwisho, umelibana kwenye kona kama mtu anayeficha vumbi chini ya zulia, ndipo unataja kwamba mtoto hajapimwa. Unangoja kikao kipite! Mtoto wa umri ule anajifunza kusema kwa kusikia wengine wanavyosema, na kila siku inayopita anakosa maneno ambayo wenzake wanayaokota bure. Wewe hilo unalijua kuliko mimi, ndiyo kazi yako. Unaifundisha kwenye semina.

Kwa hiyo jambo la kwanza halihitaji ushauri. Weka chini gazeti hili unalonisomea, mpigie Dada wa Masikio, umwambie ndiyo. Hiyo ndiyo pekee aliyokuomba. Halafu umwombe akuambie ni watoto wangapi wengine aliwarudisha kwa amri yako, maana usinifanye mjinga, simu ile haikuwa ya kwanza. Wewe mwenyewe umesema ulinyima ukaonja utamu. Wale nao wana shangazi zao, ila shangazi zao hawana kiti cha kuzunguka wala hawaniandikii barua.

Na hapa nikuulize swali ambalo najua hujajiuliza. Mtoto yule angekuwa wa mtu baki, ungeona aibu hii? Usinijibu mimi. Mimi naona wazi kwamba kilichokuamsha si kosa, ni kuona kosa limeingia nyumbani kwenu na kukaa mapajani kwako. Sikulaumu kwa kuamshwa hivyo, wengi wetu huamshwa hivyo. Lakini usiamke nusu, ukamwokoa Malkia peke yake halafu ukarudi kulala.

Kanuni yako haikuwa ya kijinga, na hapo nitakutetea. Mama anayeambiwa maneno matatu na watu watatu ana haki ya kupiga kelele, na kuwaazima watoto kwa ajili ya picha ni uchafu, ulifanya vizuri kuukomesha. Ulipopotea ni pale ulipodhani mtandao ni wa kuamua mtoto ni mali ya nani. Mashirika yaliungana ili mmoja akiona asichokiweza ampeleke mtoto kwa anayekiweza, na ajue amefika. Wewe ukauweka mlango ukakaa na ufunguo. Kwenye kikao hicho waambie mpimaji apime kwanza, kisha amjulishe mlezi wa mtoto amempima na ameona nini, basi. Ruhusa ya mratibu iondoke kabisa. Ukisikia uchungu kuisema sentensi hiyo, ujue umeisema vizuri.

Sasa wifi yako. Mwambie kabla ya Ijumaa, nyumbani kwake, kaka yako akiwepo, na uende mikono mitupu. Najua tabia zetu, mtu akiwa na kosa anabeba zawadi, halafu mwenye nyumba anashindwa kukasirika vizuri kwa sababu kuna mfuko mezani. Mwache akasirike. Sema, "Simu ile niliishika mimi. Yeye aliniomba, mimi nikakataa, wala sikuuliza ni mtoto gani." Usiseme hukujua ni Malkia kana kwamba ndiyo utetezi wako. Hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi. Atalia, huenda akakuambia utoke, nawe utoke. Usikae mlangoni kumbembeleza akufariji wewe.

Mpango wako wa upole wa jumla jumla kikaoni uchome moto. "Makosa ya mawasiliano" ni maneno ya watu waliojificha nyuma ya meza. Mawasiliano yalikuwa safi: binti aliuliza, wewe ukajibu. Na ugonjwa wa kusingizia nao uache, utaugua kweli. Mwambie mwenzako yeyote aongoze, wewe kaa kwenye viti vya wajumbe, uombe nafasi ya kwanza ya kusema, useme ni wewe. Waliosimama kukupigia makofi wasikie wakiwa wamekaa. Binti yule amebeba matope yako kwa heshima, kakuamkia na shikamoo juu yake, wala hakukutishia. Mtu mwenye adabu ya namna hiyo hafai kupoteza kazi kwa ajili ya uso wako. Na kina mama waliomnyima salamu, ni juu yako na wifi yako kupita kwao mmoja mmoja kuyafuta yale maneno, maana kikao hakifiki uani kwa watu.

Kuhusu cheo, sijui kama watakuachia. Wakikuachia, fanya kazi. Wakikuondoa, rudi kituoni ukawalee watoto wa kijani, kazi hiyo nayo ni ya heshima na ndiko ulikotoka. Usiandike kujiuzulu kabla hawajakuuliza, huko ni kukimbia kwa maringo.

Umeniuliza utaushika vipi uso wako. Sijui, Shangazi, wala leo si shida yangu. Huenda wifi asikusamehe mwaka huu, huenda kaka apite njia nyingine akikuona, huenda wewe na yule binti msizoeane tena. Hayo yote yatachukua muda wake. Lakini kumpima mtoto masikio hakungoji ninyi wakubwa mpatane. Mpeleke asubuhi.

Mshauri wako